Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: Baada ya pole, waliobaki hai anawafuata nani?

Waheshimiwa, shikamooni. Poleni na majukumu.

Naandika kutoka huku Gongo la Mboto, ni mama wa familia na katibu wa kikoba cha wanawake wa mtaani kwetu. Ombi langu naliweka hapa juu kabisa ili hata mwenye haraka alione. Kila likitokea balaa kwenye mkoa huu, iwe mlipuko, jengo kuanguka, moto, ajali ya basi au mafuriko, naomba yaandikwe majina ya walionusurika na ya waliookoa, majina hayo yapelekwe kwa wahudumu wa afya wa mitaa wanayoishi, na watu hao wafuatwe nyumbani kwao baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na baada ya mwaka, waulizwe wanalalaje, wanakulaje, kazi inaendaje na watoto wakoje. Anayeonekana hayuko sawa apelekwe kwa mtu anayejua kutibu kiwewe. Hilo tu. Mengine yote nitakayosema chini ni kuelezea kwanini.

Dar imepita kwenye mengi wakuu. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa, wakafa watu 11 na waliojeruhiwa walikuwa zaidi ya 80. Aprili 29, 2009 mabomu ya kambi ya jeshi Mbagala yakalipuka mchana kweupe, kuna watoto walizama mtoni wakikimbia. Februari 16, 2011 usiku ikawa zamu yetu, yakalipuka mabomu ya kambi ya jeshi ya huku Gongo la Mboto. Machi 2013 ghorofa likaanguka katikati ya jiji likaua watu 36, na Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo asubuhi ya Jumamosi watu wakiwa kwenye biashara zao. Kila mara tunaona yale yale, viongozi wanafika, wanatoa pole, serikali inasaidia matibabu na mazishi, inaundwa tume, na hayo yote ni mema wala siyabezi, mtu aliyezikiwa ndugu yake kwa heshima hawezi kuyabeza. Ila ukishazika, ukishatoa bandeji, faili limefungwa. Tunahesabiwa waliokufa na tunahesabiwa waliolazwa. Yule aliyetoka bila hata mchubuko, ila tangu siku ile hajawahi kuwa yule yule, yeye hayumo kwenye hesabu yoyote.

Niwaeleze kuhusu mwenzetu mmoja wa kikoba, fundi cherehani, jina lake nalihifadhi. Mwaka 2011 alikuwa na mtoto wa mgongoni na mwingine wa kushika mkono. Usiku ule kama mnavyokumbuka mabomu yalikuwa yanaruka yanatua kwenye nyumba za watu, kila mtu akakimbia anakojua yeye, wengine walikuja kujikuta Uwanja wa Uhuru bila viatu, watoto wamepotezana na wazazi. Yule mkubwa akamponyoka mkono kwenye giza. Alimpata kesho yake mchana, mzima kabisa, amelishwa na watu asiowajua. Kwa hiyo ukiuliza rasmi huyu mama alipata madhara gani, jibu ni hakuna, hakuumia, hakufiwa, nyumba ilipata nyufa tu.

Sasa nendeni kwake leo. Nyuma ya mlango kuna mfuko umening'inizwa msumarini, ndani yake kuna vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, kitambulisho, shuka moja na tochi. Mfuko ule haujawahi kushushwa, anabadilisha betri tu. Viatu vyake anavipanga kila usiku vikiangalia nje ili akiamka aingize miguu moja kwa moja. Mlango wa chumbani haufungi kwa komeo, hata joto likiwa kali vipi au wezi wakitangazwa mtaani. Mkesha wa mwaka mpya watu wakianza kupiga fataki yeye anakuwa ameshaondoka siku mbili kabla, anaenda kwa dada yake shamba huko Kisarawe. Siku moja tuko kwenye kikao cha kikoba, tunahesabu hisa, transfoma ya nguzoni ikapiga mlio mmoja mkubwa, sote tukashtuka tukacheka, tukaja kuona kiti chake kitupu, alikuwa ameshafika barabarani anatetemeka na daftari la kikundi kakumbatia kifuani, na yule mtoto aliyempotea kipindi kile sasa ni kijana ana ndevu, akapigiwa simu pale pale mpaka akapokea. Mama yake akasema "uko wapi", akajibu yuko kazini, ndipo akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Huyo ni mtu anayefanya kazi, analipa marejesho kwa wakati, anachekesha watu. Hajawahi kuonana na mtu yeyote wa afya akamuuliza kuhusu usiku ule. Hata mara moja.

Wataalam wameshaeleza jinsi inavyokuwa. Ukikutwa na hatari ya kufa, ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga homoni kama adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia miguuni ili ukimbie au upambane, na hiyo ni kazi nzuri ndiyo imetuokoa wengi. Tatizo ni pale kengele inapogoma kuzima. Tukio haliwekwi kwenye kumbukumbu kama jambo lililopita, linabaki kama jambo linaloendelea, kwa hiyo harufu ya moshi, mlio, kelele za watu wengi, vinamrudisha mtu pale pale. Anakuwa halali, anaota, anakwepa njia fulani, anashtuka ovyo, hasira ziko karibu, na wengine wanakufa ganzi moyoni kabisa, mtoto wao anawakimbilia na wao hawasikii kitu. Madaktari wa Marekani waliuweka ugonjwa huu rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kuona askari waliorudi Vietnam, lakini hata vita kuu ya kwanza ya dunia walishauona kwa askari waliokaa chini ya mizinga. Kwa hiyo si jambo geni, na wala si ulaini wa watu wa siku hizi kama ninavyosikia wazee wengine wakisema.

Nisije nikaonekana nakuza mambo, niseme na upande wa pili. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 70 ya watu duniani watakutana na tukio la namna hii maishani mwao, na kati ya hao wanaougua kabisa ni wachache, kama asilimia 5.6. Wengi wanapona kwa kukaa na watu wao, kwa dua, kwa kazi, kwa muda. Kwa hiyo siombi kila mkazi wa Dar apelekwe kwa daktari wa akili. Naomba hao wachache watafutwe, maana wenyewe hawatakuja. Kwenye nchi za kipato kama chetu ni mtu mmoja tu kati ya wanne wenye ugonjwa huu anayesema aliwahi kutafuta matibabu. Na matibabu yapo! Hili ndilo linaniuma, yani ingekuwa haina dawa tungesema ni mapenzi ya Mungu tuvumilie, lakini kuna tiba ya mazungumzo ya vikao kadhaa ambayo inafanya kazi na wala haihitaji mashine.

Kinachotokea sasa hivi ni hiki. Mtu moyo unamdunda usiku, kifua kinabana, anaenda hospitali. Anapimwa presha, anapimwa malaria, anapimwa moyo akiwa na hela, majibu yote safi, anaambiwa "mama punguza mawazo", anapewa vidonge vya usingizi anarudi. Mwingine anapewa valiamu mfululizo mpaka inakuwa shida nyingine juu ya shida, wakati miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 ilishasema dawa za aina hiyo zisitolewe kwa dalili za kiwewe kwenye mwezi wa kwanza baada ya tukio. Hapo katikati hakuna aliyeuliza swali moja tu, "kuna jambo lolote lilikupata?" Siwalaumu manesi, nesi mwenye foleni ya watu benchi mpaka nje hana hata dakika ya kukaa. Lakini swali lile likiwepo kwenye fomu litaulizwa, na lisipokuwepo halitaulizwa milele.

Akishindwa hospitali anaenda kwa mganga, au kwenye maombezi, anaambiwa ana mashetani, au kuna mtu kamtupia. Mimi sitaki kugombana na imani ya mtu, na ukweli ni kwamba mashehe na wachungaji wa mitaani ndio wanaokesha na hawa watu kuliko sisi wote. Wangepewa hata semina fupi wakajua ni yupi wa kuombewa tu na yupi wa kuombewa na pia kupelekwa zahanati, wangeokoa wengi.

Halafu kuna waokoaji. Kariakoo mwaka 2024 tuliona wote, kabla vyombo havijafika ni wale vijana wa pale pale, wabeba mizigo, machinga, mafundi, ndio walioanza kutoa vifusi kwa mikono. Chini watu walikuwa wanapiga simu wakisema wako wapi. Wakapelekewa maji na hewa kwa mipira. Wapo walioongea na mtu, wakamtia moyo, na baadae yule mtu akanyamaza. Sasa kijana wa miaka 22 aliyepitia hilo, Jumatatu akarudi kubeba mizigo kwasababu asipobeba hali, nani alimwita akakaa nae? Askari wa zimamoto walau ana kazini kwake pa kusemea, ingawa hata wao naamini wanahitaji zaidi ya wanachopata. Yule mbeba mizigo hana ofisi. Anakuwa mtu wa pombe, anakuwa mkali nyumbani, mke anaondoka, na mtaa unasema "jamaa kaharibika". Hakuna anayeunganisha na ile Jumamosi.

Na hapa ndipo jambo linaacha kuwa la mtu mmoja linakuwa la nchi. Maana kiwewe kisichotibiwa kinahamia kwa watoto. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Felitti na Anda, walitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima maelfu huko San Diego, waliwauliza utotoni mlipitia nini, kupigwa, kudhalilishwa, kuishi na mlevi, mama kupigwa mbele yako, vitu kama hivyo. Waliopitia aina 4 au zaidi walikuwa kwenye hatari mara 4 mpaka 12 zaidi ya ulevi, madawa, sonona na kujaribu kujiua kulinganisha na ambao hawakupitia hata moja, na magonjwa ya moyo nayo yalikuwa juu. Sisi wenyewe tuna utafiti wetu wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ulifanyika mwaka 2009, ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Jamani. Wale watoto wa 2009 leo ndio wazazi, ndio walimu, ndio makonda, ndio askari. Wangapi walitibiwa?

Mtoto hawezi kukwambia "nina kiwewe". Anakojoa kitandani akiwa na miaka 9. Anapigana. Anasinzia darasani kwasababu usiku baba alikuwa anapiga watu. Anasahau kila anachofundishwa, kwasababu akili iliyokaa chonjo kusikiliza hatari haina nafasi ya kujumlisha sehemu. Na sisi tunamfanyaje? Tunamchapa. Kanuni za adhabu ya viboko mashuleni bado tunazo, zinataka mwalimu mkuu aidhinishe na iandikwe kwenye kitabu na visizidi vinne, lakini mzazi yeyote anayesoma hapa anajua fimbo inavyotembea bila kitabu. Mtoto ambaye hofu ndiyo ugonjwa wake tunamtibu kwa hofu. Najua suala la viboko ni refu na wengi hatutakubaliana, mimi binafsi nataka vifutwe, ila hata asiyekubali kufuta nadhani atakubali kwamba kila shule iwe na mwalimu mmoja aliyefundishwa kutambua mtoto aliyeumizwa, na mwalimu huyo asiwe ndiye huyo huyo mwenye fimbo. Namba 116 ya kupiga kusaidia watoto ipo, ni ya bure, lakini ingieni shule za huku muangalie ni ngapi imebandikwa ukutani.

Kuna la sheria pia. Kanuni ya Adhabu yetu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake ndugu wakimuwahi mtu wao wanaanza kufikiria polisi badala ya kufikiria daktari, wanamficha ndani, wanasema ameanguka, anatibiwa kidonda, kilichomfikisha pale hakiguswi, na hatari inabaki pale pale. Ghana waliondoa kosa hilo mwaka 2023. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu chao kinapingana na Katiba. Waziri wa Afya hatungi sheria peke yake najua, lakini ukienda wewe kwa mwenzako wa Katiba na Sheria ukamwambia kifungu hiki kinanizuia kutibu watu, nani atakupinga? Na yeyote anayesoma hapa akiwa na mawazo ya hivyo, nakuomba leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, na nendeni wawili hospitali iliyo karibu.

Najua mtaniambia hakuna wataalam. Ni kweli madaktari wa akili ni wachache mno, hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma tangu 1927, na hapa Dar mgonjwa wa Chanika au Mbagala Kongowe mpaka afike kliniki ya akili kwenye hospitali ya rufaa ameshapanda daladala mbili na siku ya kazi imekufa. Lakini wenzetu hawakusubiri. Harare, Zimbabwe, mwaka 2005 serikali yao ilibomoa nyumba za watu wengi sana, mwaka uliofuata daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, akaona hawezi kuwafikia watu peke yake, akafundisha mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza na kusaidia mtu kupanga tatizo moja baada ya lingine. Utafiti uliotoka 2016, uliofanyika kwenye kliniki 24 na watu 573, ulionyesha waliokaa na wale mabibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi! Na sisi hatuna bibi wenye busara Buguruni na Tandale?

Tena hata kwetu limeshafanyika, Moshi. Watoto yatima 640 wa Moshi na Bungoma ya Kenya waliingizwa kwenye utafiti wa tiba ya mazungumzo kwa ajili ya kiwewe na msiba, na waliotoa tiba hawakuwa madaktari, walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Sehemu nyingi watoto walipata nafuu, na pia waligundua mazingira yana mchango wake, kwa hiyo ni kitu cha kufanya kwa akili na usimamizi, si kutupa semina ya siku mbili na posho halafu basi.

Na watu wa kufanya kazi hiyo mmeshaanza kuwatafuta wenyewe! Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima kwa miaka mitano. Hao wanapita nyumba kwa nyumba tayari, wanauliza chanjo, wajawazito, kifua kikuu, vyoo. Waongezewe maswali matano na mtu wa kumpigia wakikuta jambo zito. Si jengo jipya, si mashine.

Angalizo moja ambalo naomba lisipotee. Msije mkaenda siku ya tukio na kamera mkawakalisha watu kwenye viti mkawaambia semeni mlichokiona. Imeshaonekana kumlazimisha mtu asimulie yote kwa kikao kimoja siku za mwanzo hakumsaidii. Mwanzoni mtu anahitaji awe salama, apate maji, shuka, chaji ya simu, ajue watoto wake wako wapi, asikilizwe akitaka kusema na aachwe akitaka kunyamaza. Kuulizwa kwa kina ni baadae, na ndio maana nimesema mwezi, miezi mitatu, mwaka.

Mkuu wa Mkoa, kwa upande wako hata kusubiri Dodoma si lazima. Kamati za maafa za wilaya ziko chini yenu. Orodha ya majina inaandikwa na mwenyekiti wa mtaa na mjumbe, ambao wanajua nani anaishi wapi kuliko kompyuta yoyote. Anzeni na Kariakoo, manusura na waliookoa wengi bado wapo pale pale mitaa ile ile. Halafu njooni Gongo la Mboto na Mbagala, hata kama miaka imepita, maana niliyowaeleza bado mfuko wake uko msumarini.

Waziri, kwako naomba mambo mawili yajibiwe kwa maandishi: je maswali ya kiwewe yataingia kwenye fomu za wahudumu wa jamii, na lini, na je tiba ya mazungumzo itakuwemo kwenye kitita cha bima ya afya kwa wote au mgonjwa wa akili ataendelea kulipa mfukoni wakati mwenye presha analipiwa. Jibu likitoka libandikwe kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali za mitaa, maana wenzangu wengi hawana bando la kusoma mitandaoni. Mimi nitalisoma kwa sauti kwenye kikao cha kikoba, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni.

Wenu,
Katibu wa kikoba, Gongo la Mboto, Dar es Salaam